Mkono Niliounyoosha

...sina haraka, dada, anasema daktari, chukua muda wako, na mimi nauchukua, nauchukua kwelikweli, maana katika miaka arobaini na mitatu hii ni mara ya kwanza mtu mwenye vyeti ukutani kuniambia nichukue muda wangu, wengine wote wamekuwa wakijichukulia wenyewe bila kuniuliza, na huku nauchukua nalitazama gauni hili la hospitali nililovalishwa, limefungwa nyuma kwa kamba mbili, moja imekatika, na aliyelipiga pasi alikuwa mvivu au alikuwa na njaa, kuna mkunjo unakata kifuani toka bega hadi bega, mkunjo wa nguo iliyokunjwa ikiwa bado mbichi, mtu unakwenda kupasuliwa ubavu na hata pasi ya maana hustahili... Una uhakika, ndilo swali lenyewe, na kabla sijalijibu amelieleza, kwa sauti ile ya chini wanayoitumia watu wa elimu wakitaka uwaamini, kwamba kila anayetoa figo huulizwa mara ya mwisho akiwa peke yake, mlango umefungwa, ndugu wote nje, na akisema hapana basi ni hapana, haulizwi kwa nini, yeye daktari atatoka hapo kwenye korido awaambie kipimo cha mwisho kimekataa, bahati mbaya, hakuna atakayejua, si kaka yako, si wifi yako, itabaki humu ndani, mimi na wewe... na kalamu ameiweka juu ya karatasi, si mkononi mwangu, juu ya karatasi, katikati yetu, nadhani wamefundishwa hivyo, wasimpe mtu kalamu mkononi. Ni binti mdogo huyu, angeweza kuwa... hapana, tusianze hayo. Saa ya ukutani inasema saa mbili na nusu, saa nne wanaanza, kaka yangu chumba cha kwanza, mimi cha pili, na ubavu wangu wa kushoto wameshauchora mshale kwa wino wa zambarau, utadhani wanaogopa kupotea njia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, alisema wifi asubuhi akinisaidia kuvua, akacheka mwenyewe, na mimi nikacheka maana ilikuwa kweli, nguo nimevua, ziko kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti hiki, sidiria na yote, na sasa huyu mtoto wa watu ananiambia naweza kuzivaa tena nikaenda zangu nyumbani. Nje namsikia wifi kwenye simu, eeh, yuko ndani... hapana, anasaini tu... ni karatasi tu hiyo, nitawaambia wakitoka... karatasi tu, wifi yangu, haya, karatasi tu.

Wao wanajua nilijitolea. Hiyo ndiyo habari inayotembea, na imetembea sana, hata mteja mmoja pale kwenye udobi wetu aliniambia juzi, akipokea suti yake, kumbe wewe ndiye yule dada, akanishika mkono kwa mikono miwili, na mimi nikasema ndiyo ndiye mimi, ungesemaje... Baba mdogo alistaafu ukaguzi wa shule zamani lakini ukaguzi wenyewe haujamstaafu, kila kikao cha ukoo anakiendesha kwa ajenda na daftari, na sheria yake ni moja, anayetaka kusema anyooshe mkono, hata kama unaungua moto nyoosha mkono kwanza, tumemzoea, tunamcheka kwa nyuma, mbele yake tunanyoosha. Siku hiyo tulikuwa sebuleni kwa kaka, watu kumi na wanne, wakubwa kwenye makochi, wengine kwenye viti vya kuazima, na mimi nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja na furushi la mashati ya wateja, mashati kumi na moja, nimeyapiga pasi nimeyakunja, ya kupelekwa jioni, nikayaweka juu ya meza ndogo chini ya dirisha, ujinga wangu, maana mvua ilikuja na upepo, ikawa inaingia ndani mshazari, na mimi nimekaa upande wa pili nimebanwa kati ya shangazi na kabati la vyombo, naliona tone la kwanza kwenye kola ya shati jeupe, naliona la pili, baba mdogo anasema jambo, midomo yake naiona, maneno siyasikii, nasikia mvua tu juu ya bati, nikanyoosha mkono. Nilikuwa naomba mtu afunge dirisha. Basi, hilo tu. Na chumba kizima kikanigeukia, wifi akapiga kigelegele, akaja akaniangukia shingoni analia, kigelegele na kilio pamoja, shangazi akanipapasa mgongo, na baba mdogo akavua miwani akaifuta akasema imeandikwa, akaandika, na yeye akishaandika imeandikwa... kumbe swali lilikuwa nani yuko tayari kupimwa ili amtolee kaka figo, wifi damu yake ilishakataa, wanawe wadogo mno, na kabla ya mkono wangu watu wazima walikuwa dakika nzima wanatazama vidole vyao vya miguu. Dirisha, nilisema, haki ya Mungu nilisema, nilisema jamani dirisha, lakini nililisemea ndani ya nywele za wifi, mtu akaenda akalifunga, na mashati yakawa yameshalowa, nikayarudia yote kumi na moja jioni ile ile, wifi huku ananiambia pumzika, mtu kama wewe hustahili kusimama, miezi minne kabla ya leo na tayari sikustahili kusimama... Tangu siku hiyo mimi ni mtu mwema. Inachosha. Watu wananiachia kiti, wanateremsha sauti nikiingia, wanafanya kama vile mimi ndiye mgonjwa, na kila nikienda kupimwa, damu, mkojo, moyo, mpaka daktari wa akili alinipima, alinionyesha picha akaniuliza nalala vizuri, kila nikienda najiambia leo watakuta kitu, sukari, presha, chochote, wakute tu, nirudi nyumbani kwa heshima, na kila mara wanasema safi, dada una afya kama punda, na punda kweli ndiye mimi. Kufua tunafua mara mbili mbili, doa linatoka, na likigoma lina dawa, lakini pasi ikiunguza shati imeunguza, hiyo huwezi kuirudisha, unaweza kuikunjia kwa ndani ukamdanganya mteja wiki moja, basi, na mwenye duka hunikata kwenye mshahara na nakubali, maana nilikuwa nimesimama hapo hapo na pasi mkononi.

Anapitisha kidole ukingoni mwa karatasi, daktari, anaipanga vizuri, haniharakishi... Miaka miwili tu, kaka alisema, kama wifi na karatasi tu yake, alikuwa amesimama mlangoni kwa mama na viatu vyake vyeusi, mimi nina ishirini na mbili, mama amepooza upande mmoja, mdomo umekwenda kushoto, na mimi nina barua ya kujiunga na chuo cha uuguzi mkobani, natembea nayo kila mahali niiguse, akasema kaa naye miaka miwili tu mdogo wangu, nikisimama kidogo nitaweka mtu, chuo hakihami. Hakikuhama, ni kweli, naliona geti lake kila nikipita. Miwili ikawa mitano, mitano ikawa kumi, mama alikuwa wa kugeuzwa kila saa mbili asiote vidonda, na hakuota, miaka kumi na tisa hakuota kidonda hata kimoja, waulize manesi wa kituo cha afya, walikuwa wanakuja kunitazama nafanyaje, hiyo ndiyo shahada yangu. Na alikuwepo fundi friji, kijana mpole, vidole vinanuka gesi, kila mwaka ananiuliza mwaka huu vipi, namwambia mama bado, anasema sawa, ukija mwaka mwingine anauliza tena, mwaka wa nne akaacha kuuliza na mimi nikajua, na sasa suruali zake anazileta kwetu tuzipige pasi, mkewe hana muda, natia mkunjo katikati umenyooka kama rula, naweka pembeni, jina linaandikwa na msichana wa kaunta, mimi siandiki... Kaka ndiye aliyefanya hivi, nimekuwa nikisema, si kwa mdomo, ndani, miaka yote, nikikamua mashuka nasema kaka ndiye, nikimwona anashuka kwenye gari na mkate na dawa za mama mwisho wa mwezi, umekula, ndilo neno lake pekee, umekula, mtu mzima hana neno lingine, nasema moyoni ndiye huyu aliyenila mimi. Na ni kweli. Ni kweli lakini si yote, na hili lingine sijamwambia mtu, wala daktari wa akili na mapicha yake, kwamba mwaka wa tano, asubuhi moja, namchana nywele, mama alinishika mkono kwa ule wake mzima, na ulimi ulikuwa umeanza kurudi kidogo, akaniambia nenda. Nenda mwanangu. Mimi nitakaa na yeyote. Alirudia mara mbili, kwa taabu, mate yanamtoka, na mimi nikamfuta mate nikamwambia nyamaza mama, tulia, nikaendelea kuchana. Kwa nini sikwenda... Barua ilikuwa bado inasomeka, fundi friji alikuwa hajaoa, mama mwenyewe amefungua mlango kwa mkono wake mmoja, na mimi nikaurudisha taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Nilimpenda, hiyo moja. Na niliogopa, hiyo ya pili, na sijui ipi ilikuwa kubwa, niliogopa kwenda kuwa mwanafunzi mkubwa kuliko wote darasani, niliogopa kushindwa na kutokuwa na wa kumlaumu, maana ukikaa kwa sababu umekalishwa una raha yake, raha chungu, kila kitu kina mwenyewe na mwenyewe si wewe.

Dada, maji utakunywa... hapana hutakiwi kunywa, samahani, anasema daktari, anacheka kidogo, amejisahau, na mimi natikisa kichwa, hapana, asante, na neno hapana limetoka mdomoni mwangu kirahisi, naye amedhani ndilo jibu, nikamwambia maji, nasema maji, hapana. Kaka naye maji hayanywi, kikombe kimoja kwa siku, figo zikifa hata maji yanakuwa adui, mara tatu kwa wiki wanamfunga kwenye mashine imsafishe damu anatoka hapo rangi ya jivu, na jana nilipoingia wodini alikuwa ananyonya kipande cha barafu, miguu imevimba imejaa soksi, nikasubiri aniulize umekula. Hakuuliza. Alisema, siku ile ulikuwa unaomba dirisha lifungwe. Hivyo hivyo, bila salamu, barafu shavuni. Nilikaa kitandani kwake, nusura nikikose. Nilikuwa nimekaa nakutazama, akasema, ulikuwa unayatazama mashati yako, baba mdogo hukumsikia hata kidogo, mimi nilijua kabla mkono haujafika juu. Nikamwambia na ukanyamaza. Nikanyamaza, akasema. Kwa nini, nikauliza, na sauti yangu haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayeuliza basi linapita saa ngapi, na yeye akasema, nilitaka kuishi. Si samahani, si nilikosea mdogo wangu, nilitaka kuishi, akaitema barafu kwenye kikombe akaitazama imebaki kiasi gani. Kesho watakuuliza peke yako, akasema, mimi waliniambia, sema unachotaka. Nikamnyooshea shuka, nikaona limepigwa pasi vibaya, nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nalitafuta tusi la kumtosha sikulipata... Lakini kuna kitu kilinikera kuliko ule unyamavu wake na sasa ndiyo nakiona, nimekaa hapa na mgongo wazi ndiyo nakiona, ni kwamba alilisema. Nilitaka kuishi. Mtu kataka kitu, kakisema kwa jina lake. Mimi nimeketi miezi minne na neno dirisha kooni, vikao vitatu, safari kumi za vipimo, baba mdogo akisoma muhtasari wa kikao anauliza kuna masahihisho, anauliza kila mara, ndiyo ajenda namba mbili, masahihisho, na mimi ndiye mwenye kusahihisha, nanyamaza, kisha nasema wamenitoa mimi, wamenitoa kama walivyonitoa mara ya kwanza. Kaka alinyamaza siku moja akitaka roho yake. Mimi nimenyamaza maisha nikitaka nini... nisitake kitu, hicho ndicho nilichotaka, nisiulizwe. Na leo nimeulizwa. Amekuja huyu binti na kalamu yake, amefunga mlango, kaka yuko wodini kwake, mama ameshakufa, mvua hakuna, na hata uongo wa kutokea amenitengenezea tayari, kipimo kimekataa, ukitaka kuondoka huu hapa mlango na hakuna wa kukulaumu, sasa kama naweza kuondoka bure basi na nikibaki nimebaki mwenyewe, hakuna tena wa kumsingizia, loo, amenifunga vizuri huyu mtoto, amenifunga kwa kunifungulia. Haya, sema. Unataka nini. Nje wifi amemaliza simu, anazungumza na mtu, sijui mfagiaji, anasema huyu wifi yangu ana moyo, huoni wa hivi siku hizi... sina moyo, wifi. Nina hasira. Nikimfikiria kaka amekufa, nimejaribu jana njia nzima kumfikiria amekufa, ndani ya sanduku, viatu vyeusi na yote, nilidhani nitaona nafuu, nikaona nimesimama pale kaburini na maneno yangu yote mkononi na hakuna wa kumpa, kama ilivyokuwa kwa mama, maana mama naye nina yangu kwake, mbona alisema nenda na huku amenishika mkono hakuniachia, nimuulize nani, atanijibu nani, umekwenda mama na jibu. Kwa kaka sitaki hivyo. Kaka namtaka hai. Namtaka anene, akojoe, anywe maji jagi zima, awe mzee msumbufu, awe pale nikigonga mlango wake Jumapili nimwambie kaa chini, zima redio, leo nataka tuzungumze ile miaka miwili, na kama ataniambia umekula nimwambie ndiyo nimekula, kaa chini. Ndiyo ninachotaka, mimi, kwa mdomo wangu, si mkono, si kikao, kumbe kilikuwepo muda wote na hakina wema ndani yake hata kidogo, au kinao, sijui, watajua wao. Figo ikitoka hairudi, najua, amenieleza daktari mara tano, moja itabaki itafanya kazi ya mbili, nimezoea. Na msamaha... kila mtu anadhani vinatoka pamoja, wifi anadhani hivyo, mchungaji wa wodi alipita jana akadhani hivyo, dada yetu amesamehe, akasema, hakuniuliza, lakini ubavu wangu wamechora mshale mmoja tu na unaonyesha figo, msamaha hawajui ulipo, hawana kisu cha kuufikia, na wenyewe nao ukishatoka haurudi, kwa hiyo huo siutoi leo, huo hautoki nikiwa nimelazwa usingizi wa dawa, huo ataniomba yeye nikiwa macho, akiwa na nguvu za kusimama, na mimi nitachukua muda wangu. Daktari bado ananitazama, kalamu iko pale pale, saa mbili na dakika thelathini na nne, una uhakika dada, anasema tena, pole pole, kama vile hajawahi kuuliza, na mimi naweka mikono magotini juu ya gauni hili baya, mikono yote miwili, chini, najitengeneza sauti... figo nampa, msamaha bado, aishi aje auombe.